Picha Niliyoikata Bila Kuacha Nakala

Majengo, Dodoma
Jioni

Mwanangu Damari,

Nakuandikia nikiwa studio. Mlango nimeurudisha nusu: anayenihitaji kweli atabisha, na aliyekuja kupiga soga ataona nimefunga aende zake. Wewe uko Msalato unamuaga shangazi yako Foibe, na ninamjua dada yangu. Hatakuachia mpaka umalize ugali wa uwele na mlenda, kisha akuombee, kisha akukumbushe yote aliyokwisha kukuombea. Kwa hiyo nina muda wa kutosha kuandika bila wewe kuchungulia begani kwangu.

Kesho asubuhi unapanda basi la Arusha kwenda kuanza kazi. Habari za kula vizuri, kufunga mlango na kuchagua marafiki amezibeba shangazi yako, na sitaki kumnyang'anya. Mimi nitasema ninachokijua kuliko mtu yeyote wa mtaa huu, na sijisifu, ni kweli tupu: kukata picha. Umeniambia kwamba huko kwenye kampuni ya vitabu vya shule kutwa nzima utakuwa mbele ya kompyuta, unapunguza picha za watu ziingie kwenye kurasa. Wewe umesomea chuoni na una cheti. Mimi nimesomea kwenye makosa, na makosa mengine sijawahi kukusimulia. Moja kati ya hayo linakuhusu wewe. Nitalifikia, usiruke kurasa.

Nianze na lile ambalo siku hizi naweza kulicheka. Unaijua desturi yetu: mtu akifariki, inatakiwa picha yake kubwa, yuko peke yake, kwenye fremu, itangulie mbele ya jeneza. Na watu wetu wengi wanaondoka duniani hawajawahi kupigwa picha peke yao, ukiacha ile ya pasipoti ambayo kila mtu anaonekana kama anasubiri kuhukumiwa. Basi zinakuja hapa picha za harusi, za kipaimara, za mkutano wa kijiji, na kidole kinaonyesha kichwa kimoja safu ya nyuma kabisa. "Huyu hapa, fundi. Mtoe."

Mwaka wa kwanza nilipoacha filamu nikaanza dijitali, alikuja mzee mmoja na picha ya harusi yenye watu wasiopungua ishirini. Marehemu alikuwa mdogo wake, amesimama karibu na nguzo. Nikamjibu kabla hata sijaitazama vizuri: "Hilo dogo, mzee wangu. Nenda kanywe chai, ukirudi utaikuta tayari." Kichwa chenyewe kilikuwa kama punje ya karanga. Nikakikata, nikakivuta mpaka kikajaa karatasi kubwa, na macho yakageuka vimraba viwili vya kijivu. Mzee aliifunga kwenye gazeti akaenda nayo. Baada ya muda akarudi na mjane. Yule mama aliishika ile fremu kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Fundi, huyu ni nani?"

Natamani angenitukana. Tangu siku ile sijamuahidi mtu kitu kabla ya kupiga hesabu. Hesabu yenyewe unaijua, lakini nakuandikia kwa sababu kujua na kuitumia ni mambo mawili. Angalia kipande kinachobaki baada ya kukata kina pikseli ngapi, gawanya kwa mia tatu, unapata inchi ambazo kitachapika kikiwa safi. Kikibaki na elfu moja mia nane, una inchi sita. Kikibaki na mia sita, una inchi mbili tu, na hakuna mashine ya kukuongezea kitu ambacho kamera haikukiona. Mashine za siku hizi zinabuni, najua, zinachora nyusi na meno mapya, lakini zinamchora mtu mwingine. Ya ukutani, inayotazamwa kwa mbali, unaweza kugawanya kwa mia na hamsini na dhamiri ikatulia. Zaidi ya hapo unamdanganya mteja.

Bosi wako atakuja na kapicha kadogo akitaka kajaze ukurasa. Mwambie haiwezekani, kwa adabu, ukiwa na hesabu mkononi. Yule mjane nilimchapia nyingine ya inchi mbili tu, nikaizungushia karatasi nyeupe pana ndani ya fremu ileile kubwa. Alipoiona alimtambua mumewe palepale, akakaa kwenye lile benchi la wateja akalia. Picha ndogo iliyo safi haijawahi kuniaibisha hata mara moja.

La pili ni lako na lazima nikutanie kidogo. Siku ya mahafali yako ulinitumia picha kwenye lile kundi letu la familia la kwenye simu. Nikataka nikukate ubaki wewe na joho lako, bila yule kijana aliyekuwa anatabasamu pembeni kuliko hata wahitimu wenyewe. Nikakata, nikapata ukungu. Nikakupigia. "Baba, si ndiyo hiyohiyo?" ukasema, tena kwa sauti ya mwenye cheti. Siyo hiyohiyo, mama. Ikipita kwenye kundi inabanwa, inakuja imekonda, na ukiikata unakata kitu kilichokwisha kukatwa. Usianze kazi kabla hujapata ile iliyotoka kwenye kamera yenyewe. Mwenye picha atakwambia hana. Mpe siku mbili, ataipata.

Na ukiipata, usiifanyie kazi yenyewe. Tengeneza nakala, ipe jina jingine, kata nakala. Kata mara moja. Kama hukupenda ulivyokata, usikate kile kipande tena, rudi kwenye ile ya mwanzo uanze upya, kwa sababu kila ukihifadhi inabanwa tena na inapoteza kidogo. Kama imeinama inyooshe kwanza, maana kunyoosha nako kunakula pembe zote nne. Na acha nafasi kuzunguka kichwa, fremu ina ukingo wake na kitabu kina mshono wake, vyote vinakula. Mwisho kabisa, ukiwa wewe ndiye mpigaji, tumia miguu. Nikikusikia unasema ukiwa mbali, "nitakropu baadaye," mwili unanisisimka. Hatua nne mbele zinakuokolea nusu ya pikseli zako.

Hayo maneno ya nakala na jina jingine nimeyaandika haraka kama mtu anayejua siku zote. Sikuyajua siku zote. Sasa nafika pale nilipokuahidi.

Mimi nilijifunza kazi kwenye filamu. Kwenye filamu, ukikosea kukata picha ya karatasi, huna hasara, kwa sababu negativu ipo ndani ya bahasha yake, nzima, ina kila kitu. Unaweza kuchana karatasi mia, negativu haijui. Nilifanya kazi hivyo miaka mingi mpaka ikanikaa mikononi. Kisha nikanunua kamera ya dijitali, ndogo, ya kwanza kabisa pande hizi za sokoni, ya megapikseli tatu, na watu walikuwa wanakuja kuitazama tu. Nilibadilisha kamera lakini sikubadilisha kichwa. Niliamini kwamba na humo ndani, mahali fulani, kuna negativu.

Mama yako aliumwa siku nne. Wewe ulikuwa na miaka mitatu. Siku ya tano tukawa na msiba nyumbani Mkonze, na mimi, fundi wa picha, nikagundua kwamba sina picha ya mke wangu akiwa peke yake. Niliwapiga watu wa mji mzima, nikamwacha yeye. Kila nilipomwambia akae nimpige, Perisi alikuwa anasema, "Kapige wateja, mimi si nipo." Nilikuwa na moja tu, ya wiki tatu nyuma, niliyompiga uani alipokuwa hajajiandaa. Ulikuwamo na wewe, mmeshikana.

Bibi yako mzaa mama alipoiona kwenye kioo cha kamera, aligeuka akaangalia ukuta, kama mkwe anavyosema na mkwe wake, akaniambia, "Baba, mtoto huyo mtoe. Mtoto haongozani na maiti. Mtoe kabisa, asibaki hata kidole." Wala hakuwa mkali. Alikuwa amemzika mtoto mmoja zamani na sasa anamzika mwingine, na alikuogopea wewe. Mimi si mtu wa kuamini sana hayo mambo, unanijua. Lakini siku ile, mwanangu, niliamini kila kitu. Kama angeniambia nikukate kwenye picha zote za dunia ili ubaki hai, ningekata.

Nikachukua bodaboda mpaka hapa studio. Niliifungua picha palepale kwenye kadi ya kamera, hata sikuihamishia kwenye kompyuta. Nikachora mraba kumzunguka mama yako, nikaubana, nikakata. Kompyuta ikaniuliza kama nataka kuiweka juu ya ile ya zamani. Nikabonyeza ndiyo. Nakumbuka sikufikiri hata kidogo, kidole kilikwenda chenyewe. Nikachapa kubwa, kubwa kuliko ilivyostahili, maana hesabu niliyokwisha kujifunza kwa yule mjane siku ile niliisahau. Kisha nikairudisha kadi kwenye kamera, na juu yake zikapigwa picha za mazishi, zote, mpaka kadi ikajaa.

Tulipomaliza matanga na wageni kuondoka, nikarudi hapa nikaanza kutafuta negativu. Cheka ukiweza. Nilifungua kila folda. Nilimpelekea kadi kijana mmoja wa kompyuta kule mjini, akahangaika nayo siku mbili, akanirudishia makaburi matupu: makaburi, mashada, watu wenye miwani. "Mzee, ile ya zamani imeshaandikiwa juu," akaniambia. "Hakuna kitu." Nikamwambia asante nikatoka. Nilitembea kwa miguu kutoka kule mpaka Mkonze, na nilipofika ulikuwa umelala kifuani kwa shangazi yako.

Sasa uongo. Ulipokuwa darasa la tatu mwalimu aliwaambia mje na picha ya familia. Ukaniuliza, "Baba, mimi na mama hatukuwahi kupiga picha pamoja?" Nikakujibu, "Hapana. Kamera ilikuwa ya kazi." Ukaitikia, ukaenda shule na picha yako na mimi na shangazi. Hukuuliza tena miaka mingi. Ulipokuwa kidato cha nne, umeshaanza kuyajua mambo haya, ukasimama mbele ya ile fremu ya mama yako sebuleni ukasema, "Baba, hii imekropiwa. Orijino iko wapi?" Nikasema kompyuta ilikufa nayo. Ukataka kuitoa kwenye fremu uipige upya. Nikasema imegandana na kioo, ukiitoa itachanika. Ukaipiga hivyohivyo juu ya kioo, na ule mng'ao wa dirisha ukatokea kwenye paji la uso wa mama yako, ukakasirika ukaifuta.

Haikuwa imegandana. Kompyuta haikufa. Na picha mlipiga.

Nilidanganya kwa sababu mbili. Moja ni aibu ya kazi. Mimi ambaye watu wanatoka Chamwino na Bahi kuniletea picha za marehemu wao, ningekwambiaje kwamba wa kwangu ndiye niliyemharibu? Ya pili ni mbaya zaidi: niliogopa ujue kwamba ni mkono wangu uliokutoa pembeni ya mama yako. Niliogopa utanitazama na kuniona nikiwa nimeshika mkasi. Kwa hiyo nikakuacha ukue ukidhani kwamba hakuna aliyewahi kujali kuwapiga pamoja. Hilo ni kosa kubwa kuliko lile la kwenye kompyuta. La kwenye kompyuta nililifanya siku moja, nikiwa nimechanganyikiwa. Hili nimelifanya kila siku kwa miaka yote hii, nikiwa na akili zangu.

Mchana huu, ulipokuwa unapanga begi, niliitoa ile fremu ukutani nikaja nayo huku, nikaifungua. Picha imetoka vizuri, haikuchanika popote. Iko kwenye bahasha hii pamoja na flashi. Ndani ya flashi kuna kile kipande chenyewe, faili la siku ile, ambalo sijalihifadhi tena hata mara moja tangu siku ile. Lina pikseli mia saba kwa mia tisa. Piga hesabu mwenyewe: inchi mbili na kidogo kwa tatu, si zaidi. Tengeneza nakala mbili kabla hujaligusa.

Utakachokiona kwanza ni ukingo wa kulia, chini, pale ambapo mbao ya fremu ilikuwa imefunika. Kwenye bega la mama yako kuna vidole vitatu vidogo vimekamata mkono wa blauzi. Nilishindwa kuvitoa. Kila nilipousogeza mraba nivitoe, bega lake lilikuwa linakatika na anaonekana kama ameumia. Nikaviacha, nikavifunika kwa fremu, na bibi yako hakujua mpaka anafariki. Vidole hivyo ni vyako, Damari. Umekuwa ukutani pale pamoja naye muda wote.

Sikuombi unisamehe kwa barua, nitakuomba kwa mdomo. Barua hii naiweka juu ya begi lako ili uisome leo, ukiwa bado kwenye nyumba yangu, na kama una hasira uje unipe usoni. Ningeweza kuiingiza kwenye mfuko wa pembeni uikute Arusha. Nilifikiria hivyo, sikufichi. Lakini hiyo ingekuwa namna nyingine ya kukimbia, na nimechoka kukimbia. Wewe si mtoto wa kukaa na kitu moyoni, na mimi kifua ninacho.

Kuhusu kazi yako sina wasiwasi hata chembe. Una jicho, una subira, na una ukaidi wa mama yako ambao utawasumbua sana mabosi. Utakata picha za watoto wa watu, za walimu, za wakulima, na kila moja utaiachia nakala yake nzima mahali salama. Nakujua. Kwa hiyo naomba nimalizie kwa kazi iliyobaki kwangu. Faili la mwanzo halipo tena popote isipokuwa kichwani mwangu, na kichwa nacho kinazeeka. Nitakuandikia yaliyokuwamo, kutoka ukingo hadi ukingo, nisiache kitu.

Kushoto kabisa kuna ukuta wa nyumba yetu, umefika usawa wa madirisha, bado hauna lipu. Ndoo ya bluu imeegemea pale. Chini mbele kuna kivuli changu, kirefu, kwa sababu jua lilikuwa nyuma yangu, na kinafika mpaka karibu na miguu ya mama yako. Amevua kandambili. Amekaa kwenye kigoda, kitenge cha njano kiunoni, mapajani ana ungo wa karanga anazobangua, na mkono wa kulia bado umeshika ganda. Anacheka, lakini macho yake hayatazami kamera kamili, yanakaribia kukugeukia. Nyuma yake mabua ya uwele yamefungwa mzigo. Kulia umesimama wewe, gauni jeupe lenye vumbi mpaka kiunoni, kichwa kimenyolewa, shavu moja limevimba kwa karanga mbichi ulizoiba. Mguu wako mmoja uko juu, umeshaanza kwenda. Mkono wako umekamata blauzi yake usianguke. Na mkono wake wa kushoto, ule niliokata wote, umepita nyuma yako umeshika gauni, usikimbie.

Ni mimi,
Baba yako